Bahasha Tisini

4 Februari

Dada Nusu Mili,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema "niko tiata, tunapasua" unanikatia, hata siku zako za mapumziko. Haya, barua haikatiki. Vua viatu vya kazi, kaa, usome.

Orodha yako imefika salama. Miezi saba nimewachoma watu tisini sindano ya mgongo bila kujua ndani ya bomba kuna nini zaidi ya dawa ya ganzi. Wewe peke yako ndiye uliyejua, kwenye kile kichumba cha pembeni chenye sinki linalovuja. Sasa na mimi najua. Thelathini waliongezewa fenta ya kutuliza maumivu, thelathini waliongezewa deksi inayorefusha ganzi, thelathini maji ya chumvi matupu, nusu mililita kila mmoja, ndiyo hiyo nusu mili ya jina lako. Hesabu imetimia, hakuna aliyepotea. Profesa aliniuliza nani alikuwa anashika bahasha za siri zinazompangia kila mgonjwa kundi kwa bahati nasibu. Nikamwambia wenzangu huweka kufuli, mimi niliweka dada yangu.

Matokeo yamenishangaza. Nilitegemea wale wa deksi wapitishe mchana mzima bila kujua wana mguu. Wapi. Wale wa maji ya chumvi wamekaribiana nao kabisa. Nikiwauliza maumivu ni ngapi, toka sifuri hadi kumi, wengi walisema moja, mbili, tatu. Na wa deksi ndio walioshuka presha, moyo ukapiga kivivu, tukakimbizana nao. Kwa hiyo jibu la tasnifu yangu ni kwamba kwa upasuaji wa miguu tunajisumbua bure, dawa ya ganzi peke yake inatosha. Profesa amefurahi kuliko mimi. Anasema matokeo yanayopingana na vitabu ndiyo yanayosomwa. Anataka Mkuu wa Idara huko kwenu apelekewe muhtasari mapema.

Kimebaki kijedwali cha umri wa kila kundi, sijakimaliza, si kitu kikubwa. Natetea tarehe 20 Machi.

Halafu unamkumbuka namba arobaini na saba? Mwalimu wetu wa hesabu, yule aliyeniandikia barua ya kuniombea nafasi ya sekondari. Leo ndiyo nimeona kundi lake: maji ya chumvi. Na maumivu alisema mbili, mara zote nne nilizomwendea. Mfupa wa muundi umevunjika vipande vitatu, mzee anasema mbili. Chuma yule. Ukimwona mpe salamu zangu.

Mdogo wako,
Kitinda


11 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, na hongera ya kazi. Barua nimeisoma mara mbili, viatu nimevua kama ulivyoamuru.

Huku tuko. Sinki bado linavuja. Fundi alikuja, akalitazama, akalisikitikia, akaondoka. Mpasuaji wetu bado anaimba akikata mfupa, na bado hajui maneno ya wimbo wowote hadi mwisho.

Nina maswali ya mtu asiyesoma sana, usinicheke. Ni lazima Mkuu wa Idara apate huo muhtasari sasa, kabla hujatetea? Haraka haraka haina baraka, nawe tangu utotoni unakunywa uji wa moto halafu unalia. Kwa nini usisubiri?

Na hicho kijedwali cha umri. Umesema si kitu kikubwa. Kama si kitu kikubwa, kimalize basi.

Tena, mtu akikosea kidogo katika kazi ya namna hii, huwa panarekebishwaje? Nauliza tu.

Salamu za Mwalimu nitazifikisha. Una hakika alisema mbili?

Dada yako,
Nusu Mili


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kuna nini. Mtu akikosea kidogo! Umekosea nini, umemwaga tone? Umeandika saba ikafanana na moja? Nakujua. Wewe ni mtu wa kurudi nyumbani kutoka kituo cha basi kuhakikisha jiko limezimwa, na jiko limezimwa. Umechoka, ndiyo shida yako. Omba likizo.

Muhtasari umeshakwenda, nilisahau kukwambia. Mkuu wa Idara amejibu siku ya pili yake, amefurahi sana. Unajua anavyopenda kupunguza vitu.

Kijedwali nimekimaliza. Nimeandika kwamba wagonjwa wote walikuwa watu wazima wa miaka kumi na minane hadi themanini. Inatosha.

Mwalimu alisema mbili, nina hakika, niliandika kwa mkono wangu mbele yake. Alinitazama hata macho hakupepesa.

Sasa nikupe kitu cha kukutoa huo uchovu. Ukurasa wa shukrani, mstari wa kwanza, kabla hata ya Profesa: "Kwa dada yangu, ambaye mkono wake haukuwahi kutikisika." Profesa alisema si kawaida kumtanguliza ndugu. Nikamwambia ndugu wa kawaida sawa, lakini huyu si wa kawaida.

Kitinda


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana, hii ikichanika naituma hivyohivyo.

Jumatatu Mkuu wa Idara alibandika karatasi mlangoni mwa tiata. Kuanzia siku hiyo hakuna kuongeza chochote kwenye sindano ya mgongo kwa upasuaji wa miguu, kwa mujibu wa utafiti uliofanyika hapahapa hospitalini kwetu. Fenta na deksi zimerudishwa stoo. Watu wakanipa mkono. Yule mfagiaji wa korido akaniambia, "Nesi, tumeingia vitabuni."

Jumanne tukampasua mama mmoja mshona viatu, nyonga. Saa nane mchana ganzi ikaanza kumwisha. Kufika saa tisa alinishika mkono akaniuliza amemkosea nani. Nilimtafutia dawa ya maumivu mwenyewe, ikanichukua dakika hamsini kuipata, na dakika zote hizo aliamini nimemkimbia.

Kitinda, zile bahasha sikuzifuata.

Uliniambia nifungue moja moja, kwa namba, mgonjwa akiwa tayari mezani. Wiki mbili nilifanya hivyo. Wiki ya tatu tulikuwa na wagonjwa wengi, nikasema nizifungue zote za wiki siku ya Jumatatu, nizipange kwenye trei, niokoe muda. Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Alikuja bibi mmoja mpishi wa shule, nyonga, analia anamwita mama yake ambaye lazima alishafariki zamani. Karatasi yake ilisema maji ya chumvi. Na pale kwenye trei naiona inayofuata, deksi, ya kijana wa pikipiki ambaye alikuwa anamwomba mpasuaji amwachie kovu zuri. Nikazibadilisha. Nikajiambia ni mara moja tu.

Baada ya hapo sikusoma tena bahasha, nilisoma watu. Mzee, mwenye nyonga, mwenye kulia, nilimpa deksi, na ikipungua nilimpa fenta. Kijana mwenye mabega nilimpa maji ya chumvi. Mwishoni nikahakikisha kila kundi lina thelathini, nikakuandikia orodha safi kwa wino wa bluu. Sasa unashangaa wa deksi walishuka presha. Nilikupangia wazee watupu, wasishuke presha kwa nini? Na unashangaa wa maji ya chumvi walisema moja na mbili. Kijana wa miaka ishirini ukimwuliza maumivu mbele ya vijana wenzake vitanda sita, atakwambia ngapi?

Utasema kwenye karatasi yako imeandikwa mgonjwa yeyote akiomba dawa ya maumivu atapewa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya huruma yangu. Hilo ni la kwenye karatasi. Wodini mgonjwa akiomba dawa anaambiwa subiri, na anayemwambia subiri ana wagonjwa arobaini. Mimi ndiye ninayepita jioni, wewe unapita na kalamu.

Sijitetei. Nilitaka kuwaonea huruma wachache, na sasa nimewanyima wote watakaokuja baada yao. Naona aibu, Kitinda. Kile kioo cha juu ya sinki nimekigeuzia ukutani, nawaambia watu kimepasuka.

Niambie la kufanya.

Dada yako


8 Machi

Kitinda,

Siku tisa kimya. Simu nimepiga, safari hii wewe ndiye usiyepokea. Sikulaumu.

Lakini tangu nitume ile barua silali vizuri, maana hata ndani ya kukiri kwangu nimekudanganya. Nimejionyesha kama mtu wa huruma tupu. Ukiisoma unaweza hata kunihurumia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi, basi nimalizie.

Bahasha namba arobaini na saba ilisema deksi. Ilikuwa haki ya Mwalimu, na kwa umri wake hata kwa ule mpango wangu mbovu angepata deksi. Nikampa maji ya chumvi.

Wewe ulikuwa darasa la saba, hukuwepo sebuleni siku ile. Baba ana wiki tatu kaburini. Mwalimu alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kiti cha baba, akamwambia mama: watoto wawili hutawaweza, msomeshe wa kiume, ana kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilikuwa kidato cha tatu, wa tatu katika darasa la watu hamsini. Mama hakubisha. Mwezi uliofuata nilikuwa naosha sakafu za zahanati, na unesi wangu nimeupata kwa kubahatisha, kozi baada ya kozi, nikiwa mtu mzima na mtoto mgongoni.

Nilidhani nimeshasamehe. Hata nilikuwa nasema hivyo mbele za watu. Kisha namwona amelala mezani kwetu, mweupe kichwani, ananiita "binti," hanijui. Nikaliacha bomba la deksi kwenye trei, nikachukua lile jingine. Mkono haukutikisika, kama ulivyoandika kwenye shukrani.

Jioni wodini alikuwa anauma shuka. Aliponiona akasema, "Nesi, nisaidie." Nikamwambia subiri. Nikazunguka vitanda vyote, nikarudi, akaomba tena, nikamwambia subiri. Mara tatu. Ya nne ndiyo nikampa dawa, na si kwa huruma. Niliogopa wewe uko karibu kuja na kalamu yako.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba alisema mbili, sikuelewa. Mpaka sasa sielewi.

Sijawahi kumwambia mtu haya. Nimeandika mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na humu ndani niko peke yangu.

Dada


12 Machi

Dada,

Shikamoo. Sijui kama neno hilo lina mahali pake leo, lakini mkono umeliandika wenyewe.

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliisoma nikaiweka chini ya godoro kama mtoto aliyeiba. Ya pili niliisoma nimesimama korido, nikashindwa kufungua mlango wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe niliivaa nikijivuna. Juu ya Mwalimu sitaki kusema kitu. Nikisema leo nitasema la kujutia.

Lakini siwezi kukurushia mawe yote, kwa sababu na mimi nina langu.

Kile kijedwali cha umri nilikimaliza siku ileile orodha yako ilipofika, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Wa deksi wastani miaka sitini na tatu. Wa fenta hamsini na sita. Wa maji ya chumvi thelathini na moja. Bahasha zilizochanganywa haziwezi kufanya hivyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua kuna mtu ameingiza mkono, na mkono wenyewe ni mmoja tu. Nilitazama zile namba kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kabati, nikafunga kabati. Nikakuandikia kwamba si kitu kikubwa. Nikayachanganya makundi yote nikaandika "kumi na minane hadi themanini," Profesa akapita juu yake bila kusimama.

Kwa hiyo yale maneno ya kukuweka wewe badala ya kufuli, na ukurasa wa shukrani, niliyaandika nikiwa najua. Labda niliyaandika kwa sababu najua.

Sasa nakuomba. Nyamaza mpaka tarehe 20. Siku nane tu. Nikishatetea nitatafuta namna ya kulirekebisha polepole, kuna njia, watu huandika masahihisho. Miaka minne, Dada. Mke wangu ana mimba ya miezi saba na amekwisha kuwaambia ndugu zake wote kwamba narudi nikiwa bingwa. Na wewe mwenyewe ulitoka shule ili mimi nifike hapa. Ukisema sasa, utakuwa ulitoka bure.

Kitinda


16 Machi

Mdogo wangu,

Jana nilikwenda kwa Mwalimu.

Anakaa na mjukuu wake wa kike, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Mguu ameuweka juu ya kigoda, magongo kayaegemeza dirishani. Nilikaa ukingoni mwa kiti. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, bahasha, bomba, na mara tatu nilizomwambia subiri. Sikumtazama. Nilikuwa natazama magongo.

Akausogeza mguu juu ya kigoda. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani ni uzee."

Nikamwuliza, "Mwalimu, mbona Daktari ulimwambia mbili?"

"Si alikuwa kwenye mtihani," akasema. "Aliniambia mwenyewe kabla ya kunipasua: Mwalimu, huu ndio mtihani wangu wa mwisho. Kila akija na karatasi lake, namwona anavyonitazama, nikasema moyoni, nikitaja kubwa namfelisha mtoto. Nikampa mbili. Moja nikaona atajua nadanganya."

"Na kweli ilikuwa ngapi?"

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Ilikuwa tisa."

Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa anatoa maksi, Kitinda. Akadhani bado anatoa. Nami nilikuwa nyuma ya pazia namwacha aumie, naye anaumia mara mbili ili wewe ufaulu.

Nikamwuliza kama anakumbuka siku aliyokuja kwetu baba alipofariki. Alifikiri sana, nilimwona anatafuta kwa uaminifu. Hakumbuki. Nikamkumbusha maneno yake. Akasema, "Nilisema hivyo nyumba nyingi. Nilidhani natoa ushauri." Kisha akaniuliza nilikuwa wa ngapi darasani. Nikamwambia wa tatu. Akafunika uso kwa kiganja, na mjukuu wake akaja kuuliza kama mguu unamuuma.

Sikujisikia mshindi. Miaka thelathini na mbili nimebeba mzigo ambao mwenyewe hakujua amenitwisha, na nilipopata nafasi ya kuutua nikautua juu ya mguu uliovunjika.

Leo asubuhi nimempa Mkuu wa Idara barua, nimeeleza habari za bahasha. Hilo sikuweza kulisubirisha. Wiki hii pekee tumepasua nyonga nne na magoti mawili, bila kuongeza kitu, kwa sababu yangu. Alisoma nikiwa nimesimama. Akaniuliza kama nina akili timamu. Ile karatasi ya mlangoni ameibandua kwa mkono wake, dawa zinarudi kutoka stoo kesho. Mimi nimetolewa tiata mpaka kikao cha nidhamu kikae. Nilipokuwa natoa vitu vyangu kwenye kabati, wale walionipa mkono walikuwa na kazi nyingi ghafla.

La umri sikulitaja. Hilo si langu kulitaja. Profesa wako pia sijamwandikia, na Mkuu anasema atamwandikia baada ya kikao, tarehe 27. Kwa hiyo njia unayo. Unaweza kusimama tarehe 20 kama mtu asiyejua, utetee, na wiki moja baadaye wote waseme maskini daktari, dada yake amemharibia. Lawama zote zitakuja kwangu nami nitazipokea. Nikiulizwa kama ulijua, nitasema sijui. Hiyo ndiyo zawadi ya mwisho niliyo nayo, na ni chafu, lakini ni yako ukiitaka.

Ila moja nisahihishe. Mimi sikutoka shule ili wewe ufike hapo. Nilitolewa. Nikakupenda baadaye, kwa hiari yangu.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilinifikia tarehe 19 jioni. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma tasnifu yangu. Kuna sehemu naijua kwa moyo, ile ya njia unayo. Sitakudanganya kwamba sikuipenda. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikafunga tai nayo.

Ukumbini walikuwa watano mezani, Profesa katikati, na mtahini mmoja kutoka nje, mama wa makamo mwenye kalamu ya wino. Wenzangu walijaa viti vya nyuma. Mke wangu alikuwa mstari wa pili, amevaa lile gauni la kijani linalombana sasa. Nikafungua ukurasa wa kwanza ukutani, kichwa cha tasnifu kwa herufi kubwa: dawa tatu zinazoongezwa kwenye sindano ya mgongo kwa upasuaji wa miguu. Hata hilo si kweli, maji ya chumvi si dawa, na hakuna mtu aliyeliona hilo kwa miaka miwili.

Nikasema, "Waheshimiwa, kabla sijaanza, katika kitabu hiki hakuna jedwali la umri kwa makundi. Lilikuwepo. Nililitoa mimi."

Kisha nikaandika zile namba ubaoni kwa chaki, sitini na tatu, hamsini na sita, thelathini na moja. Sikuhitaji kueleza. Profesa alivua miwani akaishika muda wote uliobaki, kama mtu ambaye hataki kuona tena.

Niliwaambia habari za bahasha, kwa maneno machache, na kwamba aliyezishika amekwisha kukiri mwenyewe kwa maandishi kabla yangu. Niliwaambia pia kwamba mgonjwa namba arobaini na saba alinipa jibu la uongo kwa kunipenda, na kwamba huenda si yeye peke yake, kwa sababu nilizunguka wodi nzima nikiwaambia watu niombeeni, huu ni mtihani wangu. Nilidhani najenga urafiki. Hapo watu wa nyuma walicheka kidogo, wakaacha.

Tasnifu imekataliwa. Mwezi ujao nafika mbele ya kamati ya maadili. Wakinirehemu, narudia kazi yote, watu tisini wengine, bahasha zikae kwa mfamasia, na anayeuliza maumivu awe mtu asiyenijua wala nisiyemjua. Wasiponirehemu, narudi huko nikiwa daktari wa kawaida kama nilivyoondoka. Mkuu wa Idara nimemwandikia barua ya peke yake, imo kwenye posta ya leo, kwamba niliona na nikanyamaza. Kikao cha nidhamu kisikukalie wewe tu. Mwalimu nimeshindwa kumwandikia. Nimeanza mara mbili, na kila nikiandika "Mwalimu wangu mpendwa" nakuona umesimama mlangoni na sinia, nami sijui niko wapi ndani ya nyumba hiyo. Nadhani nilikuwa nje nacheza.

Mke wangu alinisubiri mlangoni. Alinibebea begi mpaka kwenye basi, na mimba yake ile, nikamwachia abebe kwa sababu sikuwa na uso wa kubishana naye.

Nilikuwa nakaribia kukaa chini ndipo yule mtahini wa nje aliponisimamisha. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Daktari, huyu dada yako mlikuwa mnaandikiana wakati wote huo. Ulipoziona hizi namba, kwa nini hukumwuliza?"

Nilitafuta jibu zuri, Dada. Nilikuwa na miaka minne ya majibu mazuri.

Nikamwambia, "Kwa sababu ningemwuliza, angeniambia."

Akaliandika hilo kwenye karatasi yake, akafunika kalamu.

Mdogo wako